Sabuni hukwama kwenye jalada la kiwanda kabla ya kukwama Namanga

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuchangie mjadala unaorudi kila lori la bidhaa za viwanda vyetu linapozuiwa mpakani, au linapodaiwa ushuru ambao mwenye mzigo aliamini hauhusiki naye. Neno la kwanza kutamkwa huwa ni lile lile: jirani ana wivu na viwanda vyetu. Hatukatai kwamba wivu upo, na vikwazo visivyo vya kikodi vipo hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ikalazimika kuvitungia sheria yake mwaka 2017. Lakini mizigo mingi inayogota Namanga, Holili au Mutukula ilikwisha kupoteza haki yake ikiwa bado ghalani, dereva hajawasha hata gari. Ilipotezwa na mhasibu aliyekokotoa gharama mara moja mwaka juzi akafunga faili, au na karani wa stoo aliyenakili uzito kutoka kwenye karatasi ya zamani.

Tuchukue bidhaa moja tu, sabuni ya kufulia ya mche, kwa sababu kila mtu anaijua na kwa sababu ina karibu kila tatizo linalowapata watengenezaji wa bidhaa nyingine.

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ulianza Januari 1, 2005. Bidhaa inayotoka nje ya Jumuiya hutozwa asilimia 0, 10 au 25 kutegemea kama ni malighafi, bidhaa ya kati au iliyokamilika. Tangu Julai 1, 2022 limeongezwa daraja la nne la asilimia 35, na zipo bidhaa nyeti kama sukari na mchele zenye viwango vya juu zaidi. Bidhaa ya ndani ya Jumuiya huvuka bila ushuru huo. Shida yote imelala kwenye maneno hayo mawili, "ya ndani". Wenye viwanda wengi hudhani kitu kikitoka kwenye geti la kiwanda kilichopo Tanzania, basi ni cha Tanzania. Kanuni za uasili wa bidhaa za mwaka 2015 hazisemi hivyo. Kwa bidhaa nyingi za viwandani zina njia mbili. Ya kwanza inataka malighafi ya kigeni ibadilike kiasi cha kuhama namba ya forodha, zile tarakimu nne za mwanzo. Ya pili inataka thamani ya malighafi zote za kigeni isizidi asilimia 70 ya bei ya bidhaa ikiwa kiwandani. Ipi inakuhusu? Orodha iliyoambatanishwa na kanuni inaeleza sura kwa sura, na hiyo ndiyo ya kusomwa kabla ya kununua hata mtambo.

Sasa angalia viwanda viwili vinavyotoa mche unaofanana kabisa. Cha kwanza kinaagiza stearini ya mawese, ile sehemu ngumu ya mafuta hayo, kutoka Malaysia (namba 1511) na kostiki, yaani soda kali (2815), kinapika chenyewe na kutoa sabuni (3401). Namba imehama, na hapo hesabu za asilimia haziwasumbui. Cha pili kinaagiza tambi za sabuni, yaani sabuni iliyokwisha kupikwa, nyeupe, iliyokatwa vipande vidogo kama tambi fupi. Kinachanganya rangi na manukato, kinashindilia, kinakata na kufunga. Tambi hizo nazo zimo kwenye 3401. Zimeingia 3401, zimetoka 3401. Kiwanda hiki hakina njia nyingine ila ile ya asilimia 70, na wakurugenzi wake wengi hawajui, kwa sababu sabuni yao inanukia na kutoa povu kama ya mwenzao.

Tukokotoe kwa mfano wetu wenyewe. Katoni moja ina bei ya kiwandani Sh30,000. Tambi za sabuni zilizomo, kwa thamani ya forodha pamoja na nauli na bima, ni Sh18,600. Manukato na rangi Sh900. Karatasi ya nailoni ya kufungia iliyoagizwa ng'ambo Sh1,000. Jumla ya vitu vya kigeni ni Sh20,500, sawa na asilimia 68.3. Cheti cha uasili, kinachothibitisha kuwa bidhaa ni ya Jumuiya, kinatolewa, mzigo unavuka, kila mtu anafurahi. Hesabu hiyo ilifanywa dola ikiwa Sh2,300. Dola ikipanda hadi Sh2,650, vitu vile vile, bila gramu moja kuongezeka, vinakuwa Sh23,620. Idara ya mauzo, kwa kuogopa kupoteza wateja, inapandisha katoni hadi Sh32,000 tu. Gawanya: asilimia 73.8. Mche haujabadilika na mashine ni zile zile, lakini kisheria sabuni hiyo si ya Afrika Mashariki tena, na ofisa wa forodha wa upande wa pili ana haki ya kuitoza kama iliyotoka ng'ambo.

Hakuna hila yoyote ya jirani hapo. Shilingi imeshuka na jalada halikuguswa. Nauli ya meli hufanya kazi hiyo hiyo kimyakimya, kwa kuwa nayo imo ndani ya thamani ya malighafi. Meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, wengi walisema hayo ni ya Ulaya, kwani meli ya kutoka Port Klang, Malaysia, kuja Dar es Salaam haipiti huko. Ni kweli haipiti. Lakini safari ndefu zilimeza meli na makontena ya dunia nzima, bei ikapanda hata kwa njia ambazo hazikuguswa, na asilimia ya kigeni kwenye katoni ikapanda nayo.

Dawa ni kukokotoa upya kila shehena mpya ya malighafi inapoingia, kwa kiwango cha fedha kilichotumika kwenye kadhia (tamko la mzigo linalowasilishwa forodhani) ya shehena ile ile, na kujiwekea mpaka wa ndani wa asilimia 65 ili pawe na nafasi ya kupumua. Mpaka ukivukwa, usikimbilie kwanza kuchezea bei. Anza na vitu vidogo. Karatasi ya kufungia ikinunuliwa Nairobi badala ya Dubai, na muuzaji akaileta na cheti chake cha uasili, kanuni zinairuhusu ihesabiwe kama yetu, maana nchi wanachama huchangia uasili. Katika mfano wetu hatua hiyo inaondoa Sh1,152, tunabaki na asilimia 70.2. Ndiyo, bado nukta mbili zinazidi! Hapo ndipo bei inasogezwa kidogo, Sh32,300, nayo inashuka hadi 69.6. Ukitegemea bei peke yake bila kugusa karatasi, ingebidi katoni ifike karibu Sh33,800, na hapo mteja wa Arusha na wa Nairobi wote wangekukimbia. Maboksi nayo yakitengenezwa kwa karatasi ya krafti ya Mufindi hayaingii kwenye fungu la kigeni, mradi mtengeneza boksi akupe tamko la maandishi. Asipokupa, jihesabie kuwa ni la kigeni, kwa sababu ofisa atalihesabu hivyo.

Kuna wanaodhani wakiagiza sabuni ndefu iliyokwisha kutengenezwa, wakaikata na kuifunga hapa, ile asilimia 30 ya ndani itawaokoa. Haiwaokoi. Kanuni zina orodha ya kazi zisizotoa uasili hata zikiongeza thamani kiasi gani: kufungasha upya, kubandika lebo, kuchanganya kawaida, kuunganisha vipande kwa njia rahisi. Hii inawahusu pia wanaounganisha mifagio, feni na baiskeli.

Lipo na suala la msamaha wa ushuru, ambalo limeharibu urafiki mwingi kuliko yote. Kila mwaka, kwa kawaida Juni 30, Gazeti la Serikali la Jumuiya hutoka na orodha ya nchi zilizoruhusiwa kuondoa au kupunguza ushuru wa malighafi kwa viwanda vyao. Kiwanda hushangilia, kumbe ruhusa ile ina mkia: bidhaa iliyotengenezwa kwa malighafi yenye msamaha wa nchi moja, ikiuzwa nchi nyingine mwanachama, hutakiwa kulipa ushuru wa pamoja kama ya nje. Mwaka 2018 pipi, biskuti na chokoleti za Kenya zilidaiwa asilimia 25 kuingia Tanzania na Uganda, hoja ikiwa ni sukari ya viwandani iliyoingizwa Kenya kwa msamaha. Sukari ya kawaida ya nje hutozwa asilimia 100, kwa hiyo anayepata msamaha na asiyepata hawashindani kwenye uwanja mmoja. Waliokuwa upande wa Kenya waliona uonevu, wa upande wetu waliona haki, na siku msamaha ukiwa wetu majina hubadilishana viti.

Kiwanda kinachotumia malighafi ya aina mbili, yenye msamaha na iliyolipiwa, hakina budi kuzitenga tangu mlangoni. Pawe na stoo mbili, au angalau vizimba viwili vyenye kufuli tofauti. Kila mzunguko wa uzalishaji upewe namba, na kwenye karatasi ya mzunguko iandikwe namba ya kadhia ya mfuko uliotumika. Namba ya mzunguko igongwe kwenye katoni. Ofisa akiuliza sukari ya biskuti hizi ilitoka wapi, jibu liwe karatasi moja na si kikao. Nyaraka zitunzwe miaka 5, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inampa ofisa nafasi ya kuzidai ndani ya kipindi hicho. Majalada yanayoliwa na mchwa kwenye kontena bovu nyuma ya karakana hayahesabiki kuwa yametunzwa.

Kuhusu namba za forodha tutasema machache. Tarakimu 6 za mwanzo ni za dunia nzima, Jumuiya ikaongeza hadi 8, na orodha ya dunia hufanyiwa marekebisho kila baada ya miaka kadhaa. Ya sasa ni ya 2022 na inayofuata itaanza Januari 1, 2028. Kosa la kawaida ni muuzaji wa ng'ambo kuandika namba ya kwao, nasi tukainakili hadi tarakimu ya nane wakati zile mbili za mwisho ni za kwetu peke yetu. Kwa bidhaa yenye utata, omba forodha uamuzi wa mapema kwa maandishi, ukiambatanisha sampuli na maelezo ya utengenezaji, kabla meli haijaondoka. Ni afadhali kubishana sampuli ikiwa mezani kuliko kontena likiwa bandari kavu linahesabiwa siku.

Tukirudi kwenye mche wetu, upo ubishi mwingine ambao hauna uhusiano wowote na siasa. Sabuni ina maji ndani yake, nayo hukauka. Katoni iliyopimwa muda mfupi tu baada ya kufungwa, ikiwa na kilo 20.5, ikikaa ghalani mwezi mzima wakati wa kiangazi inaweza kuwa na kilo 20.1. Karani wa mauzo huandika 20.5 kwa sababu ndiyo namba iliyo kwenye mfumo. Lori lina katoni 1,500, orodha ya mzigo inasema kilo 30,750, mzani unasema pungufu ya kilo 600. Kwa macho ya ofisa hizo ni katoni 29 zilizoshushwa njiani bila kulipiwa kodi ya ndani. Lori linatolewa pembeni, mzigo wote unashushwa na kuhesabiwa mmoja mmoja juani. Katoni zinakutwa 1,500 kamili, lakini siku mbili zimekwisha, na za chini zimepondeka. Lililotakiwa ni kupima katoni 30 zilizochukuliwa ovyo siku ya kupakia, kuandika wastani wa siku hiyo, na kuipima gari tupu kisha ikiwa na mzigo kwenye mzani uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Risiti ya mzani huo iwekwe pamoja na ankara.

Uzito ulioandikwa kwenye mche wenyewe una balaa lake. Mkaguzi wa vipimo hununua mche dukani, si ghalani kwako. Kama umegonga kilo 1 na mche unatoka kwenye mashine ukiwa kilo 1 kamili, ukifika rafuni utakuwa umepungua. Viwanda vinavyolijua hili hupima miche ya majaribio siku ya 1, ya 7, ya 30 na ya 60, kisha huongeza upana wa mkato kwa kiasi kilichoonekana kupotea, au hufunga mche kwenye nailoni badala ya kuuacha wazi. Vyote viwili ni gharama. Kurudishiwa lori zima ni gharama kubwa zaidi.

Kwa kuwa sabuni ni nzito, lori hujaa kwa uzito kabla halijajaa kwa nafasi. Sheria ya Jumuiya ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 18 kwenye ekseli mbili za pamoja na 24 kwenye tatu za pamoja. Lori la ekseli 6 lina tani 50 basi, na likiwa lenyewe ni tani 18, mzigo haupiti 32 pamoja na mbao za kupangia. Kinachowakamata wengi si jumla, ni mpangilio. Vijana wa kupakia huanza kujaza mbele hadi juu, nyuma pakabaki wazi, ekseli mbili za kichwa zinazidi wakati trela lina nafasi. Kwenye mzani huambiwa wapange upya, na kama ni masika, katoni zinakaa chini kwenye tope. Chora mpangilio kwenye karatasi, tabaka ngapi mbele na ngapi nyuma, umpe msimamizi wa upakiaji. Mbao za kupangia zinazokwenda ng'ambo zinatakiwa ziwe zimepashwa moto hadi kiini cha ubao kifike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, na ziwe na muhuri wenye herufi HT. Muhuri uliochorwa kwa rangi na fundi wa mtaani unatambulika mara moja.

Wanaosafirisha kwa meli, kwa mfano kwenda Moroni, Komoro, au Tema, Ghana, chini ya Eneo Huru la Biashara Afrika, wana mtihani mwingine: kulipwa. Kwanza cheti cha uasili si kimoja kwa safari zote. Kenya unakwenda na cha Jumuiya, Zambia na cha SADC, Ghana na cha Afrika, na kila kimoja kina kanuni zake za bidhaa. Sabuni inayofaulu kwa kimoja inaweza kuanguka kwa kingine, hivyo hesabu ifanywe mara tatu.

Pili, malipo ya LC, ambapo benki ya mnunuzi inaahidi kulipa nyaraka zikiwa sawasawa. Benki hailipi sabuni, inalipa karatasi. Chini ya UCP 600, kanuni za kimataifa za LC zinazotumika tangu Julai 1, 2007, nyaraka zenye hati ya shehena ziwasilishwe ndani ya siku 21 tangu mzigo kupakiwa, na kabla LC haijaisha muda. Benki ina siku 5 za kazi kuzikagua. Bima, pale muuzaji anapoikata, iwe angalau asilimia 110 ya thamani. Na hapa ndipo wengi huteleza: kanuni hizo huruhusu kiasi kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, lakini si pale LC inapotaja idadi ya vifurushi. LC ikisema katoni 1,000 na wewe ukapakia 996 kwa sababu nne zililowa, hiyo ni kasoro, na benki inaweza kukataa kulipa mzigo wote. Mwombe mnunuzi aweke neno "takriban" kabla ya idadi na kabla ya jumla ya fedha tangu mwanzo. Neno hilo linafungua nafasi ya asilimia 10. Jina la kampuni liandikwe kwa herufi zile zile kwenye ankara, hati ya shehena, cheti cha uasili na cheti cha bima. Masahihisho hugharimu ada, na huchukua siku ambazo huna.

Halafu acheni kuuza kontena kwa masharti ya mauzo yanayoitwa FOB kwa mazoea tu. Kwa FOB hatari ya mzigo ni yako hadi uwe ndani ya meli, wakati kontena umelikabidhi bandarini siku kadhaa kabla. Likigongwa uwanjani, hasara ni yako ingawa huna tena uwezo wa kuligusa. Kwa masharti ya FCA hatari inahamia kwa mnunuzi pale unapomkabidhi msafirishaji wake. Maneno hayo mawili yanatofautiana kwa herufi chache na kwa mamilioni mengi.

Sarafu nayo inataka mtu wa kuiangalia kila wiki. Shilingi ya Kenya ilianza mwaka 2023 ikiwa kama 123 kwa dola, ikamaliza mwaka kwenye 156, ikagusa 160 hivi Januari 2024, kisha ikarudi kwenye 130 katikati ya mwaka. Aliyeuza kwa shilingi za Kenya kwa mkopo wa siku 90 wakati wa kushuka, huku tambi za sabuni akizilipa kwa dola, alipoteza kwa wastani zaidi ya asilimia 5 kabla ya kulipa hata umeme. Faida ya sabuni ya kufulia mara nyingi ni ndogo kuliko hapo. Ukilazimika kuuza kwa sarafu ya mnunuzi, fupisha mkopo uwe siku 30, au weka kifungu kwamba fedha ikihama zaidi ya asilimia 3 bei inafunguliwa upya.

Na kwa wanaoagiza malighafi, hesabu ya lini uagize tena iandikwe ukutani stoo. Kiwanda kinachotumia tani 6 kwa siku, huku muda wote kuanzia kuagiza hadi mfuko kufika stoo ukiwa siku 55, kinahitaji tani 330 ziwe ghalani au njiani. Ongeza siku 15 za tahadhari, tani 90. Zikishuka chini ya 420, agiza. Ukingoja stoo ionyeshe sakafu, utalipa ndege au utazima mashine, na wakati huo kontena likifika utalikomboa kwa haraka bila kukagua namba, ukirudi kule tulikoanzia.

Yakishatokea ya kutokea mpakani, msilipe kwanza na kulalamika baadaye kwenye redio. Ofisa akitilia shaka cheti, ombeni mzigo uachiwe kwa dhamana wakati uhakiki unaendelea. Uamuzi wake mkiuona si sahihi, kifungu cha 229 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha kinawapa siku 30 kuandika kwa Kamishna kuomba upitiwe upya, mkieleza sababu. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, na asipojibu ndani ya muda huo, sheria inahesabu kwamba amekubali ombi lenu. Wangapi wanakijua kifungu hiki? Tarehe ya kupokelewa barua igongwe muhuri kwenye nakala yako, kwa sababu siku 30 za Kamishna zinahesabiwa kutoka hapo. Kikwazo chenyewe kiripotiwe pia kwenye mfumo wa pamoja wa jumuiya za COMESA, EAC (yaani Afrika Mashariki) na SADC wa vikwazo visivyo vya kikodi, kikiwa na namba ya kadhia, jina la kituo na siku zilizopotea. Malalamiko yasiyo na namba hayana pa kuanzia kufuatiliwa.

Ndugu Mhariri, tuna ombi moja kwako. Gazeti la Jumuiya hutoka Juni 30 kwa Kiingereza, na viwango vipya huanza kutumika kesho yake, Julai 1. Mwenye kiwanda cha sabuni Mwanza au cha biskuti Tanga huvisikia kwa wakala wake wiki ya pili, mzigo ukiwa tayari barabarani. Tenga kurasa mbili katika wiki ya kwanza ya Julai, uchapishe kwa Kiswahili mabadiliko yanayohusu Tanzania: namba ya forodha ya tarakimu 8, jina la bidhaa kama linavyoitwa sokoni, kiwango cha zamani, kiwango kipya, na kama msamaha una masharti ya kutouza nje ya nchi. Kazi ya kulinganisha namba tuko tayari kuifanya bila malipo.

Mawakala wa forodha na wahasibu wa viwanda,
Kurasini, Dar es Salaam